Uzoefu wangu: kununua kadi za Pokémon Akihabara

Kila anayejua naishi Tokyo ananiuliza swali lile lile: boksi la kadi za Pokémon, zile za mchezo wa kukusanya na kushindana, huko shilingi ngapi? Jibu langu ni kwamba boksi aachane nalo. Nimezunguka sana maduka ya kadi ya Akihabara, mtaa wa hapa Tokyo, na kwa maoni yangu raha iko kwenye kadi moja moja za mtumba. Pakiti mpya ni presha tu.

Bei ya pakiti haina shida. Toleo la kawaida ni yeni 180 kwa kadi 5, na boksi lina pakiti 30. Shida ni kuipata. Toleo jipya likitoka walanguzi wanalikomba, kwa hiyo maduka mengi yanauza kwa bahati nasibu: unajiandikisha, unasubiri, jina likitoka ndipo unaruhusiwa kununua boksi lako moja. Kuna maduka yanachana nailoni ya boksi hapo hapo kaunta, kwa sababu boksi lililochanwa ni gumu kulangua. Agosti 2025 McDonald's ya Japani iliweka kadi hizi kwenye mlo wa watoto. Watu wakanunua milo kwa wingi, wakachukua kadi, chakula wakakitupa, mpaka kampuni ikaomba radhi hadharani. Hao ndio utakaopanga nao foleni.

Sasa njoo kwenye kadi moja moja. Anzia Radio Kaikan, jengo lenye bango kubwa la manjano, hatua chache tu kutoka stesheni. Ndani yake kuna maduka ya kadi kwenye ghorofa tofauti, na mitaa ya nyuma imejaa mengine. Kadi zinapangwa kwenye makabati ya kioo, kila moja na bei yake. Ukipenda moja unamwita mhudumu, anakuja na funguo. Huna haja ya Kijapani kingi. Andika namba iliyo chini ya kadi, kwa mfano 201/165, umwonyeshe. Namba ya kwanza ikizidi ya pili, ujue hiyo ni ya zile adimu zilizoongezwa juu ya idadi ya kadi za toleo hilo, na mfuko ujiandae.

Huduma yao kwa kweli nawapa heko. Kadi moja niliyoitaka ilikuwa imewekwa daraja la B, yaani ina kasoro kidogo. Mhudumu aliitoa kwenye kifuko, akailaza kwenye trei, kisha akaiinamisha taratibu chini ya taa hadi mwanga ukapita juu yake wote. Akaigeuza, akanielekeza kwa ncha ya kalamu kwenye kona: rangi ya buluu ilikuwa imebanduka, pamebaki kinukta cheupe ambacho mimi nisingekiona hata ningevaa miwani mbili. Akasubiri nikubali kwanza ndipo apige hesabu. Ile isiyo na kinukta, kabati hilo hilo, ilikuwa karibu mara mbili ya bei. Sikujiuliza mara mbili, nikabeba yenye kinukta. Mimi kadi nacheza, siiweki benki.

Usipite pia vile visanduku vya chini, kadi za yeni 10, 30, 50. Unachuchumaa na kuchambua kama unavyochambua mashati soko la Karume. Mpwa wangu aliyeko Dar nilimjazia bahasha nzima kutoka humo, na hakuna aliyemwambia kuwa ni za bei poa.

Nisichokipenda ni pakiti zinazofungwa na maduka yenyewe. Wanachukua kadi za mtumba, wanazitia kwenye bahasha zisizoonyesha ndani, halafu ukutani wanabandika picha ya zawadi kubwa. Duka moja, silitaji, lilikuwa na bango kwamba zawadi kubwa bado haijatoka. Nikatoa yeni 1,000. Nilichopata kilikuwa kinauzwa yeni 50 kwenye kisanduku cha duka hilo hilo, mita tatu kutoka kaunta. Hiyo ni pata potea yenye risiti.

Kuuza kadi zako nako kuna utaratibu. Orodha ya bei wanazonunulia inabandikwa ukutani na inabadilika kila mara, na lazima uonyeshe kitambulisho, maana ni sheria ya biashara ya vitu vilivyotumika. Mgeni wa kutembea tu, asiye na anwani Japani, kwa kawaida atakataliwa.

Kilichonishangaza zaidi ni meza za kuchezea. Nilitegemea watoto, nikakuta wanaume wenye suti wametoka kazini, mabegi chini ya viti. Mchezo huu ulianza Oktoba 1996, kwa hiyo mtoto wa wakati ule leo ana mshahara. Ndiyo maana pesa zimekuwa nyingi hivi: mwaka wa fedha 2023, kwa takwimu za chama cha watengenezaji wa vinyago cha Japani, soko la kadi lilipita yeni bilioni 270, zaidi ya robo ya soko zima la vinyago. Mezani hakuna kelele. Mnainamiana, mnachanganya kadi zenu 60, kila mmoja anatenga 6 za zawadi, za kuchukua anapomwangusha Pokémon wa mwenzake, na anayekushinda anakushukuru kama vile wewe ndiye umemfadhili.

Onyo kwa mlioko London au Toronto: kadi za Kijapani haziruhusiwi kwenye mashindano rasmi ya huko. Za kukusanya, sawa kabisa.

Nyota nne na nusu kwa kadi moja moja, moja kwa zile bahasha. Nenda siku ya kazi, na usijihimu. Maduka mengi hayafungui kabla ya saa nne asubuhi. Jumamosi utapita ubavu ubavu.