Mgahawa wa supu ya bitiruti Lviv, nyuma ya Rynok: nendeni mkale

Aisee kama unapita Lviv, mji wa Ukraine, usiondoke bila kula borshchi, ndo hiyo supu ya bitiruti, kuna kamgahawa kadogo mtaa wa nyuma ya uwanja wa Rynok wanaipika vile mabibi wa huku wanavyopika nyumbani. Bakuli linakuja jekundu kwelikweli, ndani bitiruti, kabichi, viazi na nyama ya nguruwe yenye mfupa, juu wameweka kijiko cha krimu chachu ya maziwa, ukikoroga supu inageuka pinki na ule uchachu unakata mafuta vizuri sana. Pembeni vimkate vya pampushky vya moto vimepakwa kitunguu saumu, hivyo ndo usiviache jamani. Wasiokula nguruwe waulizeni ile ya mkesha wa Krismasi, haina nyama kabisa, inakuwa na vimaandazi vidogo vya uyoga, na majumbani inaliwa kati ya vyakula 12 vya usiku ule.

Huduma ipo slow, na chai yao ya kawaida tu.

Ila hiki chakula kwa Waukraine ni kitu kizito, harusini kipo, msibani kipo, kila familia ina mapishi yake na mkoa wa Poltava wanatia vidonge vya unga uliokandwa. Mpishi Yevhen Klopotenko alikipigania mpaka 1 Julai 2022, vita na Urusi ikiwa imeshapamba moto, UNESCO ikauweka upishi wa borshchi ya Ukraine kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nawapa nyota 5, na pampushky agizeni sahani mbili.