Bastola Ndogo kwa Mkaaji wa Mombasa: Ipi Ina Mtu wa Kukujibu Ikiharibika?

Bastola zote nitakazozitaja hapa hupiga vizuri zikiwa mpya. Kwa hivyo sikuzipanga kwa shabaha wala kwa umaarufu wa jina. Nimezipanga kwa swali moja: springi ikikatika nawe uko Tudor au Bamburi, nani atakuletea nyingine, na kwa njia gani?

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, au aliyekwisha kuomba na anangoja. Cheti hudumu mwaka mmoja kisha hufanywa upya, nacho kimefungwa na bastola moja yenye namba yake iliyochongwa kwenye chuma, pamoja na idadi ya risasi unazoruhusiwa. Maana yake ni kwamba huwezi kuingia dukani kesho na kubadilisha bastola kama unavyobadilisha simu. Ukikosea chaguo utakaa nalo, ama uanze karatasi upya.

Tuanze na huduma kwa wateja, maana hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Kile kitabu ndani ya boksi chenye waranti ya maisha kiliandikwa kwa mnunuzi wa Marekani. Yeye akipata hitilafu hupiga simu kiwandani, hutumiwa karatasi ya kubandika kwenye boksi, na mtu wa kampuni ya kusafirisha vifurushi huja kulichukua. Wewe ukiandika kutoka Mombasa utajibiwa kwa adabu kwamba uwasiliane na wakala wa nchi yako. Hata wangekubali kuipokea, bastola haiwezi kutoka Kenya bila kibali, haiwezi kuingia kwao bila kibali, na hurudi kwa kibali kingine.

Spea nazo zina vikwazo vyake. Mnamo Oktoba 2023 Wizara ya Biashara ya Marekani ilisimamisha kwa muda utoaji wa vibali vipya vya kuuza bunduki kwa raia wa nchi nyingi za nje. Muuzaji wa Nairobi anayetegemea bidhaa za huko anaweza kukwama kwa uamuzi wa namna hiyo bila kosa lake wala lako. Ndiyo sababu kubwa ya mimi kuzitanguliza bastola za viwanda vya Ulaya.

Jamaa yangu wa Nyali aliharibikiwa na kile kijino kinachong'oa ganda la risasi baada ya kupiga. Ni kipande kidogo kuliko ukucha. Kampuni sitaitaja. Kila barua pepe aliyoandika ilijibiwa na mtu mpya, na kila mtu mpya aliomba picha zile zile. Kipande hakikuja. Aliyemwokoa ni muuzaji wa Nairobi aliyekuwa na kimoja kwenye droo yake. Basi unaponunua bastola, kwa kweli unanunua ile droo ya muuzaji.

Nafasi ya kwanza naipa Glock 19, na siipi kwa mazoea. Bastola hii ya Austria ilitoka 1988, ina mtutu wa milimita 102, inabeba risasi 15 za milimita 9, na pamoja na magazini tupu (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ina uzito wa gramu 670 hivi. Vipande vyake ni takriban 34 tu, na fundi aliyeifungua moja ameshazijua nyingi. Kwa vile iko mikononi mwa polisi na raia wa nchi nyingi, spea zake hupatikana hata kiwanda kisipokujibu. Hiyo ndiyo huduma kwa wateja ninayoiamini: kutomhitaji mtu wa huduma kwa wateja.

Halafu kuna jambo la Mombasa hasa. Fremu yake ni ya plastiki ngumu, na magazini yake ni ya chuma kilichofunikwa kwa plastiki, kwa hivyo jasho halikigusi chuma cha sehemu hizo moja kwa moja. Anayevaa bastola kiunoni chini ya shati la pamba mwezi wa Februari, joto la kaskazi limepamba moto, atanielewa. Ukinunua, tafuta kizazi cha tano, kilichotoka 2017. Chuma chake cha juu kimetiwa rangi ngumu inayostahimili kutu vizuri.

Ukiiona nene kwa nguo nyepesi za pwani, angalia Glock 43X ya 2019. Ni nyembamba, inabeba risasi 10, na inatoka kampuni ile ile. Lakini ijaribu kwanza mkononi, kwa sababu bastola nyepesi hurusha mkono zaidi, na mtu asiyependa kuipiga bastola yake hafanyi mazoezi.

Ya pili ni CZ P-10 C, kutoka Uherský Brod katika Jamhuri ya Cheki. Hii ni ya ukoo wa zile Ceska tunazozisoma magazetini kila polisi wanapotajwa. Imekuwa sokoni tangu 2017, nayo ina risasi 15, mtutu sawa na wa Glock 19, na gramu 740 hivi. Triga yake, kile kidude unachokivuta kwa kidole ili kupiga, ni safi kuliko ya Glock. Vidole vyangu havina shaka juu ya hilo. Kwa nini basi ni ya pili? Magazini yake ni ya chuma kitupu, na chuma kitupu kando ya jasho na upepo wa bahari kinataka kupanguswa kila jioni. Pili, usihadaike na wingi wa Ceska nchini. Spea za CZ 75, ile Ceska ya zamani ya chuma, haziingii kwenye P-10 C. Muulize muuzaji spea za modeli hiyo hiyo akuonyeshe kwa macho. Akiwa nazo, tofauti kati ya ya kwanza na ya pili karibu inafutika, na ningekuachia uchague kwa mkono wako.

Ya tatu ni SIG Sauer P365, ya mwaka 2018. Kwa udogo haina mpinzani hapa: mtutu wa milimita 79, gramu 500 hivi, na bado risasi 10. Hukaa ndani ya kanzu bila kuonekana. Shida ni kwamba hutengenezwa Marekani, kwa hivyo vikwazo vyote nilivyovieleza vinaihusu. Nunua tu kama wakala ana spea tayari.

Canik ya Uturuki naiweka ya nne. Bei yake ina huruma na triga yake inashangaza kwa bei hiyo, lakini spea zote zinategemea mwagizaji wako. Akiacha biashara umebaki peke yako. Smith & Wesson Shield iko karibu nayo, ila ukiletewa aina ya M&P9 Shield EZ, angalia tarehe ya kutengenezwa. Novemba 2020 kiwanda kiliziita zirudishwe zile zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba mwaka huo, kwa sababu ya kasoro ya nyundo.

Ya mwisho ni Taurus ya Brazil. Modeli za sasa zimeboreka kuliko za zamani, lakini kampuni hii iliwahi kushtakiwa Marekani na wanunuzi waliojiunga pamoja kuhusu usalama wa modeli kadhaa, ikaingia makubaliano ya kuzirekebisha au kuzifidia. Mwenye bastola ya zamani mkono wa pili hapa kwetu hakuwa na mlango wa kuingilia kwenye makubaliano hayo. Kama pesa ndiyo kizuizi, ni afadhali ungoje miezi michache uongeze akiba.

Hilo la kurudishwa kiwandani lina uzito kwa kila jina, hata kubwa. SIG yenyewe, Agosti 2017, ilitangaza kuzirekebisha bure bastola za P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba zingeweza kufyatua risasi zenyewe zikianguka vibaya. Kwa hivyo kabla ya kulipa, nukuu namba ya bastola, uiandikie kampuni, uulize mambo mawili tu: je, namba hii ina marekebisho yoyote yanayongojwa, na wakala wenu aliyeidhinishwa Kenya ni nani? Watakavyokujibu kabla hujanunua ndivyo watakavyokujibu baadaye, au pungufu ya hapo.

Hitilafu ikitokea, barua moja kamili huokoa wiki nyingi. Taja modeli na namba, duka na tarehe ya kununua, aina ya risasi ulizopiga na takriban ngapi, kisha eleza kilichotokea kwa mpangilio. Ambatisha picha zenye mwanga wa kutosha na risiti. Nakala mtumie wakala wa Kenya katika barua hiyo hiyo, ili asije mmoja akamsukumia mwenzake. Namba ya bastola yako na nakala ya cheti visionekane kwenye makundi ya WhatsApp hata kidogo.

Usimpe fundi wa mtaani, hata kama mkono wake unasifiwa Kongowea nzima. Sheria inataka anayekarabati silaha kwa biashara awe amesajiliwa, na ukimwachia bastola mtu asiyeruhusiwa umevunja masharti ya cheti chako. Maduka mengi yenye mafundi waliosajiliwa yako Nairobi. Ukisafiri kwa ndege, bastola iwe tupu, risasi zikae mbali nayo, na uitangaze kwa shirika la ndege na kwa polisi wa uwanja wa Moi kabla ya ukaguzi.

Kinga ni nafuu kuliko safari hiyo. Kwenye unyevu wa masika, Aprili na Mei, pangusa bastola kila siku unayoivaa, tia mafuta membamba kwenye mtutu, springi na pini, na usisahau skrubu za vile vipande vya kulengea shabaha, kwani kutu huanzia hapo. Usiilaze usiku ndani ya mkoba wa ngozi; ngozi hunywa jasho na kulirudisha kwenye chuma. Iweke kwenye sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani, pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, na ufunguo usijulikane na mtoto wala mgeni.

Ukienda kununua, beba orodha ya spea nne: springi ya kurudishia slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga), kijino cha kung'oa ganda na springi yake, pini ya kupigia, na magazini ya ziada. Muombe muuzaji aziweke juu ya meza kando ya bastola, na uzilipie siku hiyo hiyo.