Unga wa nywele: kabla hujauliza bei, uliza kama unachuja

Gauni lilikuwa rangi ya maziwa. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililoumia.

Ilikuwa send-off ya binti wa mjomba, mwezi Novemba, wiki zile za kungoja mvua ambapo Dodoma inakuwa kama jiko lililosahaulika na makaa ndani. Ukumbini feni zilikuwa zinazungusha joto lilelile. Mchana wake nilikuwa nimenunua kichupa cha unga wa nywele kwa 15,000 kwenye duka la vipodozi mjini, nikajinyunyizia utosini na pembeni mwa paji, pale ambapo rasta za miaka kumi na tano zimeniachia nywele za kuhesabika. Kwenye kioo nilipendeza, siwezi kudanganya. Ukaitwa ukoo wa mama kupeleka zawadi, tukaingia kwa kucheza, wimbo wa kwanza, wimbo wa pili. Niliporudi kukaa, shangazi yangu wa Mpwapwa alishika ncha ya kanga yake akanipangusa shavu, akaitazama ile ncha, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumuumbua mwenzake: "Mwanangu, leo ulipikia kuni?"

Mstari mweusi ulikuwa umeanzia kwenye panja, ukapita mbele ya sikio, ukaishia kwenye kola. Madobi wawili wameishika kola hiyo na wote wamenirudishia na pole.

Nilipowasimulia wenzangu wa kikoba nilidhani watacheka, na walicheka, lakini baadaye wakaanza kunijia mmoja mmoja. Mmoja foronya zake zote zina duara jeusi katikati. Mwingine mume wake ni dereva, anaziba utosi kila asubuhi, na mashati yake meupe ya kazi yamekuwa ya kijivu shingoni. Ndipo nikaona hili jambo linahitaji kuandikwa, na si kwa namna linavyoandikwa siku zote. Bei kwa gramu, rangi zipo ngapi, unakaa saa ngapi kichwani, hayo yote yapo kwenye kopo. Swali langu mimi ni moja tu: unachuja?

Kwa ambaye hajawahi kuushika: wauzaji wanauita faiba, sisi tunauita unga, lakini kwa kweli ni nyuzi, fupi mno. Zile nzuri nyingi ni za keratini, protini ileile iliyofanya nywele na kucha zako, ila hutolewa kwenye sufu ya kondoo, zikatiwa rangi na kukatwakatwa mpaka zionekane kama unga. Zinashika kwa umeme tuli, ule unaofanya sweta lilie na vinyweleo vya mkono visimame unapolivua asubuhi ya baridi ya Juni huku kwetu. Kila uzi unajibandika kwenye unywele ulionao, unywele unaonekana mnene, ngozi haionekani. Kwa hiyo palipo na kipara kitupu haufanyi kazi, hauna pa kushika, utakaa juu ya ngozi kama vumbi la Nkuhungu. Na hauoteshi kitu. Muuzaji akikwambia unaziba na kuotesha kwa pamoja, mwage hapohapo.

Sasa kuchuja. Mwanamke yeyote aliyefua kanga mpya analijua neno hili bila maelezo. Unailoweka kwanza peke yake, na maji ya chumvi, kwa sababu usipofanya hivyo itakuharibia shuka jeupe. Lakini kanga inachuja kwenye beseni, huu unga unachuja usoni pako mbele ya wakwe. Na jasho ni nini? Ni maji ya chumvi yenye joto, yanayotiririka kutoka palepale ulipopaka.

Watu wengi wanachanganya kuchuja na kudondoka. Nyuzi zikidondoka mabegani zikiwa kavu, unapangusa, yameisha. Hata kopo la bei kubwa hudondosha kidogo ukizidisha kipimo. Kuchuja ni rangi kuiacha nyuzi yake na kuwa wino. Hiyo haipanguswi. Sufu ikitiwa rangi sawasawa inaishika kwelikweli, ndiyo maana sweta la sufu linapauka kwa miaka bila kuchafua nguo nyingine. Unga wa kuokoteza hujui ni nyuzi za nini wala ulitiwa rangi gani, na muuzaji naye hajui.

Kipimo changu ni hiki, na nakifanya dukani, mtu anune asinune. Kwenye pochi nabeba tishu nyeupe na kichupa cha maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Naomba unga kidogo tu, kama wa kubana kwa vidole viwili, nauweka kwenye tishu, naikunja, nailowesha, naibana kiganjani mpaka ipate joto la mwili. Muda wa kumaliza kikombe cha chai unatosha. Ukiifungua ukakuta nyuzi zimelala zake na karatasi pembeni ni nyeupe, mama, nunua. Ukikuta zimezungukwa na duara, rudisha. Duara pia litakwambia rangi ya kweli ya huo weusi: ule wangu wa send-off ulikuwa zambarau. Nimeona na wa kijani, kijani kabisa cha mlenda. Muuzaji akikukatalia kupima, ameshakujibu.

Nikiwa hapo hapo natoka nje na ile tishu. Taa za dukani zinaficha mambo mengi, na jua la saa saba la Dodoma halifichi kitu.

Kopo ninalolipenda mimi ni Toppik, na sitajifanya sina upande. Linatoka Marekani, na tangu 2016 liko chini ya Church & Dwight, kampuni ileile ya magadi ya Arm & Hammer. Ni keratini ya sufu. Nimeliweka kwenye tishu mara tatu kwa siku tofauti, na mara zote tatu karatasi imebaki nyeupe kama kanzu ya Idi. Nimelivaa kuanzia asubuhi mpaka jioni kwenda na kurudi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, ndani ya daladala iliyosheheni, mwezi wa kumi, na kola ya blauzi nikaikagua usiku kwa tochi ya simu. Safi. Rangi zake ni tisa lakini nyingi ni za Wazungu, sisi zinazotuhusu ni nyeusi, kahawia iliyokolea na ya mvi. Hapa nisikilize: nywele zetu ambazo hazijapakwa kitu si nyeusi kama tunavyojidhania. Simama juani na mwenzako, utaona ukahawia. Mimi nachanganya nyeusi mbili na kahawia moja kwenye kijaluba, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Weusi mtupu kwenye nywele zisizopakwa rangi unapiga kelele.

Makopo yapo ya gramu 3, 12, 27.5 na 55. Anza na 12. Lile la gramu 3 linaisha kabla hujajifunza kunyunyiza, na la 55 ni kwa mwenye uhakika na maisha yake. Wana na spreyi ya kushikilia, inauzwa peke yake, na kwa upepo wetu wa Julai na Agosti, ule unaokuja na vumbi jekundu kutoka upande wa uwanja, hiyo spreyi si anasa.

La pili ni Nanogen, la Uingereza, keratini vilevile. Binamu yangu aliniletea kopo moja, tishu ikabaki nyeupe, nikalitumia mpaka mwisho nikiwa nimeridhika. Limekuwa la pili kwa sababu moja tu: likiisha, unasubiri mtu mwingine asafiri.

Baada ya hapo naweka Caboki, ambalo nyuzi zake ni za mmea wa jamii ya pamba, hazina keratini. Mwenye ngozi isiyopatana na sufu, au asiyetaka kitu cha mnyama kichwani, aanzie hapa. Limekuwa la tatu kwa kuwa moyo wangu umeshahamia kwenye keratini, basi.

Kwa wale ambao nywele za mbele zimekwisha kabisa, wenzangu wa rasta za kuvuta na wivingi za gundi, nyuzi si zenu. Tafuteni DermMatch. Hilo ni poda iliyoshindiliwa kwenye kisahani, unailowesha kidogo na kuipaka kwenye ngozi kwa kisponji, haihitaji unywele wa kushikia.

Piko la kinyozi msiniulize. Weusi wake mara nyingi ni kemikali inayoitwa PPD, wapo wanaovimba kichwa na kope kwa ajili yake, na rangi inabaki kwenye ngozi juma zima huku nywele zikiendelea kuota chini.

Vichupa vya 10,000 mpaka 20,000 visivyo na jina la kiwanda: lowesha tishu.

Sasa niongelee wauzaji, maana nimewavumilia sana. Kuna ugonjwa wa "bei njoo inboksi". Umetangaza bidhaa kwa watu wote, bei unaificha kama matokeo ya uchaguzi. Ukienda inboksi unaulizwa kwanza uko wapi. Ukisema Dodoma, kimya kidogo, kisha bei inakuja ikiwa imevaa suti. Nimejaribu kwa laini mbili, mchana mmoja, kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo: laini ya kwanza nilisema niko Mbagala, Dar hukohuko, nikaambiwa 90,000, ya pili nikasema niko Area C, Dodoma, nikaambiwa 120,000, na nauli ya mzigo juu yake. Kopo lenyewe ni lilelile la gramu 27.5. Nikauliza hiyo tofauti ni ya nini. Nikajibiwa, "Huko si ndiko kwenye hela, dada?"

Hela gani? Tulihamia huku na Serikali kwa mishahara ileile. Lakini mji mzima umeamua kila mwenye begi la mkononi ni mbunge. Bunge la Bajeti likianza Aprili, chumba kinapanda, nyanya zinapanda, na hata kusuka twende kilioni kunapanda, kana kwamba waheshimiwa ndio wanaosuka. Dukani ukiitwa "mheshimiwa", shika pochi yako, bei imeshaongezwa tayari. Mimi siku hizi naenda na ndala na kanga kiunoni, naongea Kigogo mlangoni, "mbukwenyi", na naapa bei inashuka.

Na ukilipa kwa lipa namba kabla mzigo haujafika, hakikisha umeomba picha ya chini ya kopo yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na kopo lisilo na jina la mtengenezaji, viambato wala tarehe halikupi hata pa kuanzia kulalamika. Angalia pia mdomo wa kopo usiwe umechokolewa. Kopo tupu la jina kubwa linajazwa tena kirahisi sana, na tishu ndiyo itakayokwambia kilichomo.

Kutumia kwenyewe hakuna siri. Nywele ziwe kavu na zisiwe na mafuta. Mafuta ya nazi na grisi vinaua ule umeme tuli, nyuzi zinaganda vibonge. Chana na panga mtindo kwanza, unga ni wa mwisho. Ziba pua na fumba macho, gonga kopo kwa kidole badala ya kulitikisa kama chumvi, kisha pigapiga kwa kiganja. Vaa gauni baada ya hapo. Ukipanda bodaboda, kofia ngumu itaondoka na nusu ya kazi yako, kwa hiyo beba kopo ukanyunyizie ukifika, au panda bajaji. Kofia usiiache.

Kabla ya yote hayo lakini, tazama ngozi yenyewe. Kama una mapunye, vidonda au usaha, usinyunyize chochote. Na kama nywele zinapungua utosini na eneo linapanuka, linawasha au linaunguza, ngozi imeanza kung'aa na vitundu vya nywele havionekani, hilo linaweza kuwa kovu linalotengenezwa chini kwa chini, na sisi wanawake wa Kiafrika linatupata sana. Kovu likishafunga, unywele haurudi. Muone daktari wa ngozi mapema, hata kama ni safari ya hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa waliovutwa na rasta, legezeni sasa, maana mwanzoni zinarudi. Mimi nilichelewa kwenye panja la kushoto.

Usiku osha kwa shampuu ya kawaida, usilale nao. Utapaka tena kesho. Kama mtaani kwenu maji yanatoka Jumanne na Ijumaa tu, basi paka Jumanne na Ijumaa, siku nyingine funga kilemba.