The Kite Runner: urafiki wa mtoto wa tajiri na mtoto wa mtumishi

Jamani hii riwaya ya Khaled Hosseini ya 2003 isomeni, imenikamata kweli. Ni Kabul, Afghanistan, miaka ya 70, Amir ni Mpashtuni (kabila lenye nguvu kule), nyumba kubwa, Hassan ni Mhazara (kabila linalodharauliwa), anakaa kibanda cha uani na baba ake mtumishi, wote wamenyonya ziwa moja lakini asubuhi mmoja anaenda shule mwingine anabaki kupiga pasi na kutandika kitanda. Hapo ndo mwandishi kaniweza, maana uaminifu wote unatoka upande mmoja, Hassan anampenda Amir kwa dhati ila pia kalelewa kutii, sasa utajuaje kipi ni kipi? Ile sehemu Amir anaficha saa na hela chini ya godoro la mwenzie aonekane mwizi, na Hassan anakubali kosa ambalo hajafanya, aisee nilifunga kitabu kwanza. Nusu ya pili, Marekani na kurudi Kabul, imeegemea bahati mno, watu wanakutana kirahisi sana. Ukimpa kijana wa sekondari uwe karibu, kuna tukio zito la ukatili kwa mtoto.