Nimempeleka mama kutembea kando ya mto huko Vail, magoti mabovu na viatu vya kanisani

Mama alikuja kututembelea huku Aurora, Colorado, na ilipofika wiki ya tatu akawa amechoka kukaa ndani. "Milima naiona dirishani kila siku, kwani hapafikiki?" Sasa shida ni magoti. Yameisha, daktari wake Moshi alishamwambia vilima na ngazi basi, na kila niliyemuuliza kazini ananitajia njia za kupanda masaa matano na kunionyesha picha amesimama juu ya jiwe. Mi nataka sehemu ambayo mtu wa miaka 71 atatembea taratibu, aone maji, aone mlima, kuwe na choo na sehemu ya kukaa, arudi bila kubebwa. Jamaa mmoja Mkongo tunayefanya naye kazi ndo akaniambia mpeleke Vail, kuna njia ya lami kando ya mto inapita katikati ya mji, hata kigari cha mtoto kinapita. Inaitwa Gore Valley Trail.

Basi Jumamosi moja ya Julai tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi, mke wangu, mtoto wa miaka minne na mama na kikapu chake, maana yeye hasafiri bila chupa ya chai na maandazi, hata umwambie kuna migahawa. Na alivaa viatu vya kanisani. Nilimnunulia raba nzuri kabisa, akasema hizo za mazoezi, yeye anaenda kutembea. Nikanyamaza.

Kutoka kwetu ni kama masaa mawili kwa barabara kuu ya I-70 kama hamna foleni, na wikiendi ukichelewa kutoka foleni ipo, usijidanganye. Kabla ya Vail unapita kwenye handaki la Eisenhower, lilifunguliwa 1973, liko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Nikamwambia mama hapa tulipo tumeshapita Mandara, tuko njiani kwenda Horombo, zile kambi za wapanda Kilimanjaro. Akakaa kimya kidogo halafu akacheka mpaka akafuta machozi, maana mama kazaliwa Marangu, kakulia Marangu, kaona wazungu wanapita kwenda mlimani maisha yake yote, na yeye Mandara hajawahi kufika hata siku moja. Leo kapita juu yake amekaa siti ya nyuma anakula andazi.

Vail yenyewe iko chini kidogo, mita 2,480 hivi, ila bado ni juu, usiichukulie poa. Mama kichwa kilimgonga kidogo asubuhi ile, akanywa maji mengi, kikaacha. Kama unamleta mtu mzima ambaye ametoka Dar juzi, mpe kwanza siku kadhaa za kuzoea Denver, usimtoe airport ukamleta huku moja kwa moja.

Tulipaki Ford Park, na huu ndo ushauri wangu mkubwa kwa mwenye mzazi wa magoti: anzia Ford Park, fuata maji yanakoelekea, teremka mpaka Vail Village halafu Lionshead, sehemu mbili za mji zenye maduka na migahawa. Mto unaenda magharibi na njia inaenda nao, kwa hiyo unashuka kidogo kidogo bila hata kujua. Ukianzia Lionshead unapanda. Kwa kijana hamna tofauti, kwa mama tofauti ipo. Kipande hicho ni kama kilomita mbili na kitu, sisi tulitumia karibu masaa matatu kwa sababu ya kusimama simama, na njia nzima ni ndefu zaidi, inaanzia huko East Vail na inapita mpaka West Vail, ila huna haja. Vyoo vipo hapo Ford Park, visafi, hulipii.

Hapo hapo kuna bustani ya maua ya milimani, Betty Ford Alpine Gardens, imepewa jina la mke wa Rais Ford ambao walikuwa na nyumba hapa mjini. Kuingia bure, wana boksi la mchango tu. Hapa tulipoteza saa nzima na sijutii. Mama anajua mimea, akawa anainama kwenye kila ua anaongea nalo kama jirani, kuna moja la bluu na nyeupe lina mikia nyuma, kolumbaini, ndo ua la jimbo la Colorado, hilo alitaka kuchuma mbegu nikamshika mkono. Kisha akaniuliza isale liko wapi. Nikamwambia mama hapa theluji inalala miezi sita, isale litakufa siku ya kwanza. Akasema, "Sasa hawa wakigombana wanapatanaje?" Mke wangu ni Mnyamwezi, ikabidi nimweleze kwamba kwetu Uchagani mtu akikuletea jani la isale huwezi kukataa kumsamehe.

Mto wenyewe sasa. Gore Creek sio mkubwa, ni kama ile mito ya kwetu ya mlimani, maji baridi ya theluji, yanapiga kelele kwenye mawe mpaka mnaongea kwa sauti. Unaona chini kabisa, kokoto moja moja. Pembeni kuna misonobari na ile miti ya aspen yenye shina jeupe, majani yake yanachezacheza hata upepo ukiwa mdogo. Kuna watu wamesimama ndani ya maji mpaka magotini wanavua samaki wa trauti, tukasimama kumwangalia mmoja, akampata, akamtoa ndoano taratibu kama anamtibu, akamrudisha majini. Mama aliniangalia kama mimi ndo nimefanya hilo kosa.

Kitu kilichomkamata zaidi ni kingo. Alikulia kwenye mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachagga, zamu za maji, siku ya kusafisha mfereji, na babu alikuwa mmoja wa wasimamizi, kwa hiyo macho yake yako hapo. Akaniuliza mbona nyumba ziko karibu hivi na maji, zile mita sitini za sheria ya kwetu ziko wapi? Nikaanza kusoma kwenye simu kumbe bibi kagusa penyewe. Mwaka 2012 jimbo liliuweka mto huu kwenye orodha ya mito yenye hali mbaya kwa sababu wadudu wa majini walikuwa wamepungua, na sababu ndo hizo hizo, maji ya mvua yanaosha barabara na paking na mapaa yanaingia mtoni na uchafu wote, dawa za bustani, na watu kufyeka vichaka vya kingoni wapate nyasi fupi na waone mto vizuri kutoka barazani. Mwaka 2016 mji ukapitisha mpango wa kuurudisha, na sehemu nyingi tulizopita kweli majani yameachwa marefu mpaka majini. Mama akasema vizuri, ila sauti yake ni ile ya mtu aliyekuta vyombo vimeoshwa nusu. Nikamwambia pia jina Gore ni la tajiri wa Ireland aliyekuja kuwinda huku miaka ya 1850 akaua nyati maelfu. "Na mto wakampa?"

Sasa kilichoniudhi. Baiskeli, hasa za umeme. Njia ni moja kwa wote, waenda kwa miguu, vigari, mbwa na baiskeli, na baadhi yao wanakuja mwendo wa bodaboda ya Himo. Utaratibu wa huku ni kwamba anayekupita anapiga kelele kwa Kiingereza "kushoto kwako", maana yake mimi napita upande wako wa kushoto, we baki kulia. Mama Kiingereza chake ni kidogo, ila kushoto anakijua, na kwetu tumezoea kukaa kushoto. Baba mmoja akaja nyuma kasi, akapiga kelele, na mama kwa utii wote akahamia kushoto. Yaani gurudumu lilipita sentimita chache na kiatu cha kanisani. Yule baba alisimama, akaomba msamaha sana, mama akamwambia "pole" kama vile yeye ndo kamkosea. Baada ya hapo nikawa natembea nyuma yake kama mlinzi. Kwa hiyo mtu wako asiyejua Kiingereza mfundishe kabla hamjaanza: ukisikia kelele yoyote, kaa kulia, usihame.

Vail Village ni nzuri kwa kuangalia, mifuko iache kwenye gari. Majengo yana mapaa makali na vibaraza vya mbao vyenye maua, mama akauliza, "Mjerumani alifika na huku?" Hajafika, walijenga tu kwa kuiga miji ya kule Alps. Bonde lilikuwa la wafugaji wa kondoo mpaka mwanajeshi mmoja wa ile divisheni ya milimani ya vita ya pili, Pete Seibert, na mwenzake Earl Eaton wakaona mlima unafaa kwa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, wakaufungua Desemba 1962. Mgahawa mmoja nilinunua kikombe cha chokoleti ya moto dola tisa, cha mtoto, kikiwa nusu povu, na tulipotaka kukaa tukaambiwa viti vya nje ni vya wanaokula. Haya. Tukaenda kwenye benchi kando ya mto tukafungua kikapu, na hapo nikajua kwa nini mama hasafiri bila chupa ya chai.

Ilipofika kama saa nane mchana mawingu yakajaa ghafla na radi juu. Hii Julai ni kawaida milimani huku na mimi mwenyeji nilitakiwa kujua, lakini makoti yako wapi, kwenye gari, Ford Park. Mvua ya barafu ndogo ndogo. Tukakimbilia daraja lenye paa la mbao, lile la kuingilia kijijini ambalo kila mtu anapiga picha, tukajibana pale na watu kama thelathini, mbwa wawili wamelowa na bwana harusi. Kweli, bwana harusi, na suti yake, bi harusi simwoni. Mama akatoa khanga kwenye kikapu akajifunika na mjukuu, ile nyingine akampa bibi mmoja wa kizungu aliyekuwa anatetemeka, akamfunga kabisa na fundo begani. Hawakuelewana neno hata moja. Maji yanapiga juu ya paa, mto unapita chini ya mbao, na hao wawili wanaonyeshana magoti. Yule bibi alipandisha suruali akamwonyesha mama kovu la operesheni, mama akalipapasa kwa kidole, akatikisa kichwa, akaniita nitafsiri: muulize waliweka chuma au plastiki.

Mvua ilikatika baada ya dakika ishirini. Tukamalizia mpaka Lionshead polepole, lami ina maji lakini haitelezi, halafu kurudi tukapanda basi la mji ambalo ni la bure. Mama alikaa ameshika dola yake mkononi njia nzima anamtafuta konda.

Ningetoa nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya baiskeli. Kwa mwenye mzazi, mjamzito au mtoto wa kigari sijaona pazuri kama hapa kwa huku Colorado, ila fika kabla ya saa tatu asubuhi upate paking, beba makoti hata jua likiwaka, na chakula toka nacho nyumbani.

Magoti yalimuuma usiku ule, kidogo, tukayakanda kwa maji moto. Asubuhi nikamkuta yuko kwenye simu na baba mdogo Marangu anamwambia amepita juu ya Mandara. Baba mdogo hakubali. Ikabidi nimtumie picha ya handaki, akaniuliza mlima wenyewe uko wapi mbona ni ukuta na taa.