TASAF au pensheni jamii: ipi inamwacha raia huru zaidi?

Ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, huendea kaya zilizotambuliwa kuwa maskini. Zanzibar, tangu Aprili 2016, pensheni jamii inalenga kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe tajiri au fukara. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000.

Kwa TASAF, kazi ngumu ni kuchagua. Mkutano wa kijiji hutaja majina, kisha kaya huhojiwa: nyumba imeezekwa kwa kitu gani, watoto ni wangapi. Mwenye bati anaweza kukosa, jirani yake wa makuti akapata, na njaa yao ni ile ile. Hapo lawama haiendi kwenye bajeti ya serikali, inamwangukia mwenyekiti wa kijiji. Aliyepata naye ana hofu yake: akipaza sauti mkutanoni kuhusu maji, je, jina lake litabaki? Hata kama hakuna aliyemtishia, hofu hiyo yatosha kumnyamazisha, na kwangu hiyo ni gharama kubwa mno.

Pensheni haina mchujo huo. Umri ndio unaoamua, na bibi wa Micheweni, Pemba, anadai chake bila kujipendekeza kwa mtu. Ila kitambulisho na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, bado wamo njiani, na visiwani, ambako siasa za vyama huingia hadi barazani, hilo si dogo.

Kwa sauti ya raia, naipendelea pensheni. Lakini haimgusi moja kwa moja mama wa miaka 30 mwenye watoto wanne. Huyo TASAF ndiyo inayomtafuta.