Ukisafiri ng'ambo kutoka Lamu au Malindi, pesa ya starehe uitie wapi?

Anayekwenda Muscat, Jeddah, Milano au London kutoka huku kwetu huuziwa mengi juu ya tikiti: kilo za ziada, kiti cha mbele, laonji (sebule ya kupumzikia uwanjani), na ahadi kwamba akisafiri sana atapewa kadi ya dhahabu na kutukuzwa. Na safari yenyewe imezidi kubana. Kwa hesabu za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, mwaka 2024 ndege duniani zilijaa kwa wastani wa asilimia 83.5, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa kabla. Ndege ikijaa hivyo, viti vitupu vya kumzawadia mteja wa siku nyingi huwa vichache. Kwa hivyo nimepanga vitu hivi kwa faida anayoipata mtu wa Pwani, kuanzia kinachostahili pesa yako kwanza.

1. Tikiti moja ya safari nzima

Hii imeziacha mbali nyingine zote. Ndege nyingi za abiria zinazotua Manda, uwanja wa Lamu, na Malindi ni za propela, na baadhi yake hukushusha Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, si JKIA, ule mkubwa wa kimataifa. Ukikata Lamu hadi Nairobi kwa shirika moja, kisha Nairobi hadi Dubai kwa jingine, ile ya kwanza ikichelewa mzigo ni wako. Shirika la pili litakuandika kwamba hukutokea, na pesa mara nyingi ndiyo imekwenda. Tikiti ikiwa moja, wao ndio wenye wajibu wa kukutafutia ndege inayofuata.

Isipopatikana, lala Nairobi. Usiku mmoja wa hoteli ya kawaida ni rahisi kuliko tikiti mpya ya dirishani, na foleni kati ya Wilson na JKIA haina mwenyewe.

Watu wa Malindi wana njia ambayo naipenda zaidi: kwenda kwa gari hadi Mombasa, kilomita 120 hivi, na kupanda uwanja wa Moi. Ethiopian, Turkish na flydubai hutua pale, kwa hivyo unafika Addis Ababa, Istanbul au Dubai bila kuiona Nairobi. Wa Lamu nao waweza, kwa boti hadi Mokowe kisha basi, ila barabara ya Garsen ni ndefu na ina vizuizi vya usalama. Usiifunge siku moja na ndege yako.

2. Kilo

Hapa ndipo watu wetu huumia. Shirika kubwa hukupa kilo 23 au 30, nawe ukapakia kwa hesabu hiyo. Ndege ndogo za Wilson mara nyingi hazizidi kilo 15, na zile za bei nafuu hukuuzia begi kando. Tazama anayerudi umra: ana begi la nguo, zulia la kuswalia la kila mjukuu, tende, na galoni ya zamzam ya lita 5. Mashirika mengi yanayotoka Jeddah huipakia galoni ile bure. Akifika Nairobi kuunganisha ndege ya Manda, galoni hiyohiyo huwekwa kwenye mzani pamoja na kila kitu, na kilo 5 zimekwisha kabla tende hazijapimwa.

Basi soma kiwango cha ndege iliyo ndogo kuliko zote katika safari yako, upakie kwa hicho. Kilo za ziada zinunue mtandaoni mapema, maana kaunta huwa ghali. Na achari ya kumpelekea shangazi Muscat itie kwenye begi la chini, kwani mkononi hawaruhusu chupa inayozidi mililita 100.

3. Kiti

Kulipia kiti kuna maana kwa safari ya usiku, au unaposafiri na mzee mwenye magoti mabovu. Mchukulie cha kando ya njia, karibu na choo lakini si mbele yake. Kiti cha magurudumu hakilipiwi. Kiombe saa 48 kabla. Familia nyingi hazijui hili, na bibi zetu wanatembezwa viwanja virefu kama Dubai kwa miguu. Hilo linaniuma.

4. Laonji ya siku moja

Ukingoja chini ya saa nne, usinunue. Ukingoja usiku kucha na watoto, nunua. Uliza benki yako kwanza, huenda kadi yako inakuingiza bure.

5. Kuisaka kadi ya dhahabu

Nimeiweka mwisho kwa makusudi. American Airlines walipoanzisha AAdvantage, mpango wao wa kuwazawadia wateja, mwaka 1981, hesabu ilikuwa ya maili ulizosafiri. Sasa mashirika mengi makubwa yanahesabu pesa ulizotoa. British Airways tangu Aprili 2025 wanataka pointi 20,000 kwa mwaka kwa dhahabu, na pauni moja ni pointi moja: zaidi ya shilingi milioni 3. Delta, shirika la Marekani, mwaka 2023 walikaza masharti hadi wateja wakalalamika, na mkuu wao Ed Bastian akakiri wamepitiliza, wakalegeza baadhi.

Anayesafiri mara moja au mbili kwa mwaka kwa pesa yake mwenyewe hafiki huko. Nimeona watu wakichagua tikiti ghali zaidi ili tu wakusanye pointi. Tofauti ile ingewalipia mizigo, kiti na laonji pamoja.

Kadi hii inamfaa anayelipiwa na kazi na kuruka kila mwezi. Kenya Airways ni wanachama kamili wa SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege, tangu 2010, na mwenye Elite Plus, daraja la juu la muungano huo, huingia laonji na kuongezewa mzigo katika safari za kimataifa za mashirika wenzao. Mtu huyo asitawanye safari kwa mashirika matatu.

Wengine wote, jiungeni tu, kwani ni bure. Namba ya uanachama itieni wakati wa kukata tikiti, na kipande cha kupandia ndege msikitupe mpaka mwone pointi zimeingia. Zisipoingia, hicho ndicho mtakachotakiwa kuonyesha.